Mboga za Uani Katika Nchi ya Simiyu

Waandishi wa tarikhi wamepata mengi ya kusema juu ya pamba ya Usukuma na ng'ombe wa Usukuma. Pamba ilipimwa kwa mizani, ikaandikwa katika daftari, ikasafirishwa hadi viwanda vya ng'ambo. Ng'ombe alihesabiwa, akatozwa ushuru mnadani, akatolewa mahari. Mboga haikupimwa wala haikuhesabiwa. Ilichumwa jioni, ikapikwa, ikaliwa, na asubuhi hapakubaki ushahidi wake ila chungu kilichooshwa. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba watu wa Bariadi, Maswa na Meatu hawakuwa na historia ya mboga, na kwamba bustani ndogo zinazoonekana leo nyuma ya nyumba zao ni jambo jipya lililoletwa na semina na miradi. Dhana hiyo ina makosa, na makosa yake yana gharama: mtu asiyejua kwamba anacho kitu hawezi kukilinda.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Mtu wa pwani akisema mboga aghalabu huwa na maana ya majani na matunda ya bustani, na neno lake la jumla kwa kila kinachotowelewa ni kitoweo. Katika Kiswahili cha bara, Usukuma ikiwamo, mboga ni chochote kinachoshuka na ugali: majani, dagaa, maziwa ya mgando, hata nyama. Mgeni akiulizwa Bariadi, "Leo mmekula mboga gani?" si ajabu ajibu samaki. Kwa hiyo swali la mboga ni swali la nusu ya pili ya mlo, ile inayoufanya ugali umezike na kuupa mwili yale ambayo unga peke yake hauna. Pwani walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Simiyu haina upwa ila ukingo mdogo wa ziwa huko Busega. Walakini hekima ni ile ile, na mahali pa kugaagaa palikuwa shambani na uani.

Mkoa wa Simiyu ni mchanga kwa umri wa kiserikali. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kuikata Shinyanga na kuongezewa sehemu iliyotoka Mwanza, na makao yake yakawa Bariadi. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Jina limetoka kwa mto ambao ni mkongwe kuliko mipaka yote hiyo. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley aliupitia akielekea ziwani, akauandika kwa tahajia yake kama Shimeeyu, akadai kuwa ndio chanzo cha Nili kilicho mbali kabisa upande wa kusini. Madai hayo hayakudumu mbele ya wapimaji waliomfuata. Lakini wanawake waliokuwa wakifukua visima katika mchanga wa mto ule wakati wa kiangazi walijua jambo ambalo Stanley hakuliandika: kwamba Simiyu ni mto unaotoweka juu ukabaki chini, na kwamba mwenye jembe na subira hupata maji palipoonekana pakavu.

Udongo wa nchi hii nao si wa namna moja. Kileleni mwa vilima vya mawe kuna mchanga mwepesi ambao Wasukuma huuita luseni. Katikati ya mteremko kuna udongo mgumu usiopenda kupokea maji. Chini bondeni kuna mbuga, udongo mweusi unaonata mvuani na kupasuka kiangazi. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani, alitoa nadharia yake kwamba udongo wa mteremko mmoja umefungamana kama pingili za mnyororo, kila pingili ikitegemea ile iliyo juu yake. Nadharia hiyo ilienea duniani. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya pingili hizo tangu zamani, na walizigawa kwa matumizi: viazi na karanga juu, mtama na mahindi katikati, mpunga bondeni. Mboga ilikuwa na bahati ya kupita mipaka hiyo, kwa maana ilipandwa au iliota popote palipokuwa na samadi.

Vitabu vya bustani vilivyotoka Ulaya huanza hesabu yake na majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka na baridi ya ghafla kuwa adui wa mche mchanga. Simiyu haina majira hayo, lakini ina hila kama hizo. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba baada ya miezi ya ukame. Mara nyingi hunyesha siku mbili, ikaitoa mbegu ardhini, kisha ikanyamaza majuma mawili na kuliacha jua liimalize. Januari na Februari huwa na pengo jingine. Machi hadi Mei mvua hurudi, na safari hii mashaka ni wingi: matone makubwa yanayofukia miche, mvua ya mawe inayochana majani, maji yanayosimama mbugani na kuozesha mizizi. Toka Juni hadi Septemba ni kiangazi na upepo. Kusini huko Meatu mambo ni magumu kuliko kaskazini karibu na ziwa. Mkulima wa mboga wa nchi hii, basi, hakupata kuwa na adui mmoja wa hewa. Alikuwa na wawili wanaopokezana zamu, ukavu na gharika.

Dhidi ya maadui hao wazee walikuwa na jibu ambalo mtu wa leo hulipita bila kuliona, kwa sababu halikuwa na sura ya bustani. Mgagani, mlenda, mchicha wa porini na mnafu haikupandwa kwa mistari. Iliota yenyewe mvua za kwanza zilipoanguka, katikati ya mtama na karibu na zizi. Kupalilia kulikuwa kuchagua. Mwanamke aliyeinama na jembe la mkono aling'oa gugu lisilo na faida, akauacha mgagani usimame, akauchuma majani kwa majuma kadhaa, na michache akaiacha izae mbegu kwa ajili ya mwaka ujao. Hapakuwa na mtu aliyeandika kanuni ya kazi hiyo, lakini ilikuwa kazi ya maarifa. Mikono ilijua kutofautisha miche miwili inayofanana ingali na majani mawili tu.

Sayansi ya siku za karibuni imeeleza sababu ya uhodari wa mimea ile. Mgagani na mchicha ni jamaa, kwa tabia si kwa ukoo, ya mtama na mahindi: hutengeneza chakula chake kwa njia isiyopoteza maji mengi jua linapokuwa kali. Kabichi haina njia hiyo. Jua la saa nane likiipiga hunyauka kama nguo iliyolowa. Tena mgagani una harufu kali ambayo si ya bure. Watafiti wa Kenya walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba mafuta ya majani yake huwafukuza kupe. Mmea ulioachwa usimame karibu na zizi haukuwa umekosea mahali.

Kisha palikuwa na hazina ya kiangazi. Majani ya kunde na mgagani yalichumwa yangali mengi, yakachemshwa au kuachwa mabichi, yakaanikwa hadi yakauke, yakawekwa. Wasukuma huiita mboga hiyo nsansa. Ndugu zake ni michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa vibichi, na matobolwa, ambayo ni viazi vilivyopikwa kabla ya kukaushwa. Kwa nsansa na matobolwa nyumba ilivuka miezi ambayo shamba halina jani. Yapo yanayopotea katika kukausha: jua kali huondoa sehemu kubwa ya vitamini A, ambayo upungufu wake huleta upofu wa usiku na kudhoofisha watoto. Ndiyo maana wataalamu wa lishe huhimiza kuanika kivulini penye hewa. Lakini marekebisho hayo ni ya namna ya kufanya, na wazo lenyewe la kuweka mboga ya masika kwa ajili ya kiangazi lilikuwa limekamilika zamani sana.

Maswali ya mboga ya kiangazi yalikuwa pia maswali ya sheria. Kwa desturi ya Wasukuma, mavuno yakisha kuondolewa, mashamba hufunguka kuwa malisho, na mifugo ya watu wengi hupita katika mabua. Desturi hiyo ilikuwa na haki yake, kwani ng'ombe walilishwa na ardhi ikapata samadi. Lakini ilimaanisha kwamba mtu aliyepanda mboga mwezi wa Julai katikati ya uwanda hakuwa na wa kumlalamikia. Bustani ya kiangazi ililazimika kurudi nyumbani, ndani ya ua wa minyaa, yale matawi ya kijani yasiyo na majani ambayo utomvu wake huunguza na ambayo mbuzi huogopa kuyatafuna. Hapo kando ya zizi, mwenye nyumba alipata vitu vitatu kwa pamoja: ulinzi, samadi, na maji machafu ya kuoshea vyombo. Bustani ya uani haikuwa pambo la nyumba. Ilizaliwa na desturi ya malisho.

Mboga nyingine ziliingia kwa njia za biashara na utawala, na majina yake ni cheti cha safari. Bamia ni neno la Kiarabu. Kabichi, karoti na spinachi ni Kiingereza kilichovikwa vokali za Kibantu. Nyanya ni mwenyeji kwa jina na mgeni kwa asili, maana mmea wake ulitoka Marekani ya Kusini. Sukuma wiki ilipata jina lake Kenya, kwa maana ya mboga ya kusukumia siku za wiki zilizobaki. Haina uhusiano na Wasukuma, ambao jina lao lina maana ya watu wa kaskazini. Wageni hao walipendwa, na haki yao ya kupendwa haikanushiki. Lakini walikuja na masharti: walitaka maji kila siku, kivuli wangali wachanga, na mbegu ya kununua. Mgagani haukuwa umewahi kumdai mtu senti.

Badiliko kubwa kuliko yote lilikuwa pamba. Ilianza kulimwa nchini Usukuma katika utawala wa Wajerumani, na Waingereza waliieneza. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilianza kuishughulikia. Hapo watafiti walichagua kwa uvumilivu pamba yenye manyoya majanini, kwa kuwa wadudu wafyonzao hawapendi kutua juu ya jani lenye manyoya, na kazi hiyo iliiokoa pamba ya nchi nzima. Ni sura njema katika historia ya elimu ya Afrika ya Mashariki. Walakini hapana budi kuuliza: ni nani wakati ule aliyechagua mgagani bora, au mchicha unaostahimili vidukari, au kunde inayochelewa kukomaa ili majani yake yachumwe muda mrefu? Serikali haikumtuma mtu. Kazi hiyo ilibaki kwa wanawake, kila mmoja katika ua wake, na mbegu zao zilifungwa katika pindo la nguo na kuhifadhiwa juu ya moshi wa jiko.

Mwaka 1947 ulianzishwa Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, nao ulitaka kuponya ardhi iliyochoka kwa njia ya amri. Watu walilazimishwa kulima kwa matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, kutia samadi mashambani, kupanda muhogo wa akiba ya njaa, na kupunguza mifugo. Malambo yalichimbwa na mapori yenye mbung'o yakafyekwa. Mengi katika amri zile yalikuwa na akili ndani yake. Kosa lilikuwa katika mkono uliozishika. Faini zilichosha watu, chuki ikajaa, TANU ikapigwa marufuku katika sehemu hizo toka 1954 hadi 1958, na mwishowe amri zikaachwa. Pamoja nazo yakaachwa kwa muda hata matuta, kwa kuwa mtu huchukia chombo alichopigiwa. Katika orodha ndefu ya amri zile mboga ilikaa pembeni. Wakati huo huo pamba, iliyouzwa kupitia vyama vya ushirika chini ya muungano uliofanyizwa mwaka 1955, ukiongozwa na Paul Bomani, ilileta fedha ambayo watu waliitumia kwa ada ya shule, mabati na baiskeli. Hapana wa kuwalaumu.

Gharama ilionekana polepole. Shamba la pamba linataka kupaliliwa pawe peupe, na mgagani ukapoteza makao. Uchumaji wa pamba huanguka katika miezi ambayo wanawake walikuwa wakikausha nsansa na kumwagilia ua. Katika miaka ya 1960 dawa za viwandani kama DDT zilianza kuhimizwa, na baadaye endosulfani ikafuata. Tangu hapo jani lililoota katikati ya pamba halikufaa tena kwa chungu. Mama alimkataza mtoto kuchuma pale ambapo yeye mwenyewe alikuwa akichuma alipokuwa mtoto, na katazo hilo la haki liliondoa katika kizazi kimoja shule ambayo mikono ilikuwa ikisomea. DDT na endosulfani zimewekewa vizuizi vya kimataifa kwa mapatano ya Stockholm, ya kwanza katika orodha ya awali ya mwaka 2001 na ya pili mwaka 2011. Lakini mazoea ya kuiona chupa ya dawa kama jibu la kila mdudu hayakuondoka pamoja na majina yale.

Mwaka 1974 Operesheni Vijiji ikawahamisha watu kutoka miji yao iliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vilivyopangwa kwa mstari. Faida za shule, zahanati na maji zilitarajiwa, na mahali pengine zilipatikana. Lakini familia iliyohama iliacha nyuma ua wa minyaa uliokua kwa miaka mingi na ardhi iliyonona kwa samadi ya vizazi. Wasukuma huyaita mahame hayo matongo, na thamani yake inajulikana: mazao huota juu ya tongo kwa nguvu isiyopatikana kwingine. Katika kijiji kipya ua ulikuwa haujaota, zizi lilikuwa mbali au halipo, na mbuzi wa jirani alikuwa karibu mno. Bustani ilibidi ianzwe upya toka udongo mtupu, tena wakati ambao ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa umekausha ghala.

Ni haki kusema kwamba miaka ile ile ilileta pia mafundisho. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilizipa shule mashamba na bustani, na watoto wengi wa Simiyu walijifunza kutengeneza kitalu cha kabichi wakiwa na kopo la kumwagilia mkononi, ijapokuwa wengine waliliona jembe la shule kama adhabu. Mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai, iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusoma nchi nzima, iliwaambia watu wazima kwamba ugali peke yake haujengi mtoto. Kwa mara ya kwanza serikali ilizungumza juu ya chungu cha jikoni kwa uzito uliokuwa umewekewa mzani wa pamba. Hapo mboga iliingia katika tarikhi kwa jina lake.

Sasa ni vema kuwaangalia maadui wadogo, maana mwenye bustani ya uani hupambana nao kila asubuhi. Wa kwanza si wadudu: ni kuku na mbuzi, nao humaliza kwa saa moja kazi ya miezi miwili. Sota hukata mche usiku shingoni na kujificha udongoni mchana; aliyezoea hufukua kwa kidole kando ya mche ulioanguka na kumkuta amejikunja. Vidukari hukusanyika chini ya majani machanga ya kunde na mchicha. Utitiri mwekundu hupenda siku za joto na vumbi. Nondo wa kabichi hutaga, na viwavi vyake hutoboa majani hadi yabaki kama kimia. Mchwa hula matandazo, kisha mizizi. Na yupo funza wa vitumba, yule yule anayetoboa pamba, ambaye akikosa pamba huingia katika nyanya. Sheria ya pamba humtaka mkulima ang'oe na kuchoma mabua ya pamba kabla ya tarehe 15 Septemba ili wadudu wakose makao. Aliyepanda nyanya uani kando ya mabua ambayo jirani hakuyachoma amejionea mwenyewe kwamba bustani moja haiwezi kuwa na amani peke yake.

Mwaka 2014 alionekana nchini adui mwingine, nondo mdogo wa nyanya aliyetokea Marekani ya Kusini, ambaye alikuwa ameingia Hispania mwaka 2006 na kushuka Afrika kwa kasi. Wataalamu humwita Tuta absoluta. Wakulima wa Tanzania walimpa jina la kantangaze, jina linalosikika kama amri: nenda ukanitangaze. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi mbili, na dawa inayonyunyizwa juu haimfikii. Wengi walizidisha kipimo, wakachanganya chupa mbili, wakanyunyiza leo na kuchuma kesho. Hapa ndipo penye hatari ya kweli ya habari hii. Dawa iliyokusudiwa pamba hutumika kwa zao ambalo halitafunwi. Ikihamishiwa kwenye nyanya ya uani huingia katika bakuli la mtoto. Bustani iliyoanzwa kwa ajili ya afya inaweza kugeuzwa kuwa njia ya sumu, na hakuna mzani sokoni unaoonyesha tofauti.

Njia nyingine zipo, na baadhi yake zimestawi Simiyu kwenyewe. Mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na kuota kila uwanja wa Bariadi na Maswa, una uchungu unaowazuia wadudu kula. Mwaka 1959, nchini Sudan, Mjerumani Heinrich Schmutterer aliona kundi la nzige likila kila jani isipokuwa mwarobaini, na utafiti mwingi ulianzia hapo. Mbegu zake zikitwangwa, zikilowekwa usiku kucha na kuchujwa, hutoa maji yanayofaa kwa vidukari na viwavi vichanga. Majivu hutiwa kuzunguka shina. Sabuni ya kipande huyeyushwa kwa vidukari. Huko Meatu, tangu 1994, wakulima walianza kulima pamba bila mbolea wala sumu za viwandani chini ya mradi wa bioRe, na alizeti ikapandwa ndani ya pamba ili imvute funza aliache zao. Nchi iliyojifunza kulima hata pamba bila sumu haina udhuru wa kumwagia sumu mchicha. Hata hivyo yafaa kusema kweli: mwarobaini hauui papo hapo, huoshwa na mvua, na hutaka kurudiwa. Ni dawa ya mtu anayeitembelea bustani yake kila siku.

Juu ya hewa, maarifa ya kale na mapya yamekutana. Katika nchi kavu kitalu kilichoinuliwa, kama kinavyochorwa katika vitabu vya nchi zenye mvua nyingi, hukauka upesi. Mabwana shamba wamefundisha matuta mbonyeo, yaani vitalu vilivyochimbwa chini kidogo ya usawa wa ardhi na kujazwa samadi, ili ndoo moja ya maji ikae pale ilipomwagwa. Masika mambo hugeuka, na tuta huinuliwa ili mzizi usizame. Chanja cha matete hukinga miche dhidi ya jua la saa nane na dhidi ya mvua ya mawe pia. Gunia lililojazwa udongo na kutobolewa ubavuni hulisha nyumba isiyo na uwanja. Maji yenyewe ndiyo yaliyobaki kuwa swali kubwa. Mwaka 2017 mfuko wa kimataifa wa mabadiliko ya tabianchi uliidhinisha mradi wa kuyatoa maji ya Ziwa Victoria kwenda Simiyu, na jambo hilo limewapa wengi tumaini. Lakini bomba likifika, swali la ndoo ya mwisho litabaki la nyumbani: nani aiteke, na imwagwe wapi.

Elimu ya taasisi nayo imechelewa, lakini imekuja. Mwaka 1992 kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga, kilichoasisiwa Taiwan mwaka 1971, kilifungua tawi la Afrika huko Arusha, na mboga za asili zikapata watafiti: mnafu, mchicha, nyanya chungu na mgagani vikakusanywa, vikalinganishwa, vikachaguliwa. Toka Ukiriguru hadi hapo ilikuwa takriban miaka sitini. Maonyesho ya kitaifa ya Nanenane yalipofanyika Nyakabindi, nje ya Bariadi, mwaka 2018 na 2019, wakulima wa pamba waliviona vitalu vya mchicha na mnafu vikiwa na vibao vyenye majina. Mzee aliyeng'oa mmea huo maisha yake yote kama gugu angeweza kusimama mbele yake na kusoma sifa zake.

Historia hii haihukumu kwamba vya kale vyote vilikuwa vyema. Wazee walikuwa na njaa zao, na nsansa haikuzuia kila mtoto asidhoofike. Wala haisemi kwamba pamba ni adui. Fedha yake imesomesha watu. Inachoonyesha ni kwamba kila badiliko kubwa lililoipitia nchi ya Simiyu, liwe la pamba, la amri, la vijiji au la dawa, lilipita juu ya bustani ya uani bila kuiuliza, na kila mara bustani hiyo ilianzwa tena na mtu yule yule, kwa kawaida mwanamke, baada ya kazi nyingine zote za siku. Ikiwa leo mbegu ya mgagani ingalipo Bariadi, haikuhifadhiwa na ghala la serikali. Ilibaki kwa sababu katika kila palizi palikuwa na mkono uliojua nini king'olewe na nini kiachwe kisimame. Mkono huo ukizeeka bila kufundisha mwingine, mbegu itabaki Arusha ndani ya pakiti, na uani patabaki patupu.